Makaburi ya Mawe Kaskazini ya Kengeleni

Matatu za kwenda Bamburi, Mtwapa na Malindi zikishavuka Daraja la Nyali hupita Kengeleni, na utingo hulitaja jina hilo tangu alfajiri hadi usiku. Kengele yenyewe bado ipo, imetundikwa kwenye mnara wake mfupi wa mawe kando ya barabara, Frere Town. Katika karne ya 19 ilipigwa kuwatahadharisha wakazi, watu waliokombolewa utumwani, kwamba hatari inakaribia na kila mtu ajiokoe.

Wengi wanaoshuka hapo wanaijua habari hiyo. Wachache tu ndio wanaojua kwamba kituo hicho ni mahali pazuri pa kuanzia safari nyingine, iliyo ya kale zaidi. Anayeshika njia ya kaskazini kwa siku mbili tatu za utulivu hupitia kaburi la mwaka 1844, makaburi ya mawe ya karne ya 14 na 15, kaburi lililochongwa mwaka wake kwa hesabu ya Hijria, na pango ambamo mtoto alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Pwani hii imehifadhi sehemu kubwa ya historia yake makaburini, na mengi ya makaburi hayo yalijengwa makusudi mahali ambapo walio hai wangeyaona. Ni urithi ambao kila mtoto wa shule wa Kisauni anastahili kuujua.

Frere Town wenyewe ulizaliwa na siasa za bahari. Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kumshinikiza Sultani Barghash bin Said akomeshe biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa saini Juni mwaka huo, na soko la Mkunazini likafungwa. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyopakia watumwa, na swali likabaki: watu hao wakishashushwa, waende wapi? Muda mfupi baadaye Chama cha Misheni cha Kanisa, CMS, kikamleta William Salter Price kujenga makazi upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Price alikuwa amefanya kazi India, Sharanpur karibu na Nasik, ambako Waafrika waliookolewa majahazini walilelewa na kufundishwa kusoma na kazi za mikono. Wengi wa watu hao, wanaokumbukwa kwa jina la Waafrika wa Bombay, wakarudi Afrika na kuwa walimu, mafundi na wahubiri wa makazi mapya. Wawili kati yao, William Henry Jones na Ishmael Semler, walitawazwa kuwa mashemasi mwaka 1885. Kanisa la Emmanuel, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880, ni kumbukumbu yao hadi leo.

Mmoja wa wana wa Nasik aliyeishi hapa alikuwa na kisa cha ajabu cha mazishi. Matthew Wellington alikuwa katika msafara wa David Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wenzake wa Kiafrika waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga na kuubeba kwa miguu kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Kutoka huko ulisafirishwa kwa meli hadi Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey mwaka 1874. Wellington aliishi miongo mingi baada ya safari ile, akafariki Mombasa mwaka 1935. Vitabu vingi vya shule humtaja Livingstone na kuishia hapo. Waliombeba, mmoja wao mkazi wa Frere Town, wanastahili ukurasa wao.

Kilomita chache kutoka Kengeleni, Nyali, kuna kaburi la zamani kuliko Frere Town. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Julai mwaka huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, na katika siku chache mama na mtoto wakafariki. Krapf hakuwazika kisiwani. Aliwavusha maji akawazika upande wa bara, kando ya njia, ili kaburi lionwe na Waswahili na Wamijikenda waliokuwa wakipita kuingia na kutoka mjini. Kisha akawaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi hilo ni dalili ya kazi iliyokwisha kuanza. Miaka 2 baadaye alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann.

Krapf alikuwa mgeni, lakini katika jambo hilo alifanya kile ambacho wenyeji wa pwani walikuwa wamekifanya kwa karne nyingi kabla yake. Kwa kuona hilo inabidi kupanda matatu ya Mtwapa.

Kabla ya Daraja la Mtwapa hakuna budi kuvuta subira ya foleni. Ng'ambo yake, njia ya kulia hushuka hadi ufuoni, penye mibuyu mikubwa na magofu ya Jumba la Mtwana. Mji huu ulijengwa karne ya 14, ukakaliwa kwa muda usiozidi sana miaka 100, ukahamwa. Hakuna tarikh yoyote ya kale iliyosimulia habari zake. Wasafiri wa Kiarabu hawakuutaja, wala Wareno waliokuja baadaye. Mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua mwaka 1972, na yote yanayojulikana kuhusu wakazi wake yametoka kwenye kuta, visima, vyungu na makaburi yao.

Karibu kabisa na maji umesimama ule uitwao Msikiti wa Baharini. Mtu akiingia kwa utulivu anaweza kufuata hatua za muumini wa karne ya 14. Liko birika la kutawadhia, na kando yake vipande vya matumbawe vilivyopachikwa sakafuni kwa ajili ya kusugulia nyayo zilizotoka mchangani. Ndani kuna mihirabu inayoelekea Makka, na nje, upande huo huo wa kibla, kuna makaburi. Kwenye kaburi moja imechongwa aya ya Qur'ani inayowakumbusha watu mauti. Kila aliyekuja kuswali aliyapita makaburi hayo, na kila jahazi lililokaribia pwani liliuona msikiti uliokuwa mbele yake.

Ufundi wa kuta hizi ulikuwa wa hapa hapa. Kwa kuta za kawaida mafundi walichimba jiwe gumu la matumbawe ya kale lililo chini ya udongo wa pwani yote. Kwa mihirabu, vizingiti na maandishi walitafuta tumbawe laini, likatwe baharini likiwa hai. Likiwa bichi huchongeka kwa kisu na patasi. Likishakauka huwa gumu na kushika kila mstari wa nakshi. Chokaa ilitoka kwenye matumbawe hayo hayo. Magogo yalipangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, tanu likawashwa na kuachwa liungue hadi mawe yageuke unga mweupe. Unga huo haukutumiwa siku ile ile. Uliachwa upigwe na mvua kwa miezi hadi upoe, ndipo uchanganywe na mchanga. Paa lilishikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba. Ndiyo sababu vyumba vya Jumba, vya Gede na vya Lamu ni vyembamba na virefu. Aliyejenga kaburi la mawe alitumia ufundi na gharama ile ile aliyotumia kujenga nyumba ya tajiri.

Kaburi la Kiswahili la zama hizo lilikuwa ukuta wa mstatili kuizunguka maiti iliyolazwa ardhini kwa taratibu za Kiislamu, kichwa na miguu vikiwa na alama zake, na kuta zikipambwa kwa paneli za chokaa. Baadhi yalinyanyuliwa kwa kitu ambacho hakipatikani Arabuni wala Uajemi: nguzo. Nguzo hiyo ya mawe, mviringo, ya pembe nyingi au yenye mifereji kutoka juu hadi chini, ilisimamishwa upande wa kichwa na kupanda mita kadhaa. Makaburi haya ya mnara yametapakaa kuanzia pwani ya kusini ya Somalia hadi Tanzania. Yapo Malindi, karibu na msikiti wa Ijumaa ulio ufukweni. Yapo Tongoni, kusini ya Tanga, mengi mahali pamoja. Yapo Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi, Dar es Salaam, ambako mabakuli ya kauri kutoka Uchina yalipachikwa kwenye chokaa ya kaburi.

Kisiwani Mombasa, Mbaraki, nguzo ya namna hiyo imesimama karibu na msikiti wa kale ikiwa na urefu wa takriban mita 14. Wapo wanaoitaja kuwa kaburi la kiongozi wa Wachangamwe, mojawapo ya Thenashara Taifa, yaani mataifa 12 ya Mombasa.

Mnarani, ukingo wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi, panaonyesha vizuri jinsi makaburi hayo yalivyokuwa sehemu ya mji. Hapa paliishi watu tangu karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 17, na Kirkman alipafukua miaka ya 1950. Kabla ya Daraja la Kilifi kukamilika mwaka 1991, abiria wote wa Malindi walivuka kwa feri chini ya genge hili, na ngazi ndefu ikawapandisha wenye hamu ya kuyaona magofu. Juu kuna misikiti miwili, kisima chenye kina kirefu na mihirabu yenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye tumbawe. Nyuma ya kibla cha msikiti mkubwa limesimama kundi la makaburi, na katikati yake nguzo. Kabla ya kuwako nyumba za ghorofa na taa za umeme, nguzo hiyo na weupe wa chokaa yake vilikuwa alama kwa kila aliyeingia hori kutoka baharini.

Kwa miaka mingi wataalamu wa kigeni walishindwa kukubali kwamba haya ni mawazo ya watu wa hapa. Kirkman mwenyewe, ambaye kazi yake ndiyo msingi wa akiolojia ya pwani ya Kenya, aliiona miji hii zaidi kama makazi ya Waarabu ufukweni mwa Afrika. Mtazamo huo ulianza kuvunjika miaka ya 1980. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa mdogo, wa miti na udongo, wa karne ya 8. Mji ulikuwa wa wenyeji tangu mwanzo. Mawe yalikuja baadaye, kadiri utajiri ulivyokua. Wanaakiolojia wa Kenya, akiwamo George Abungu na Chapurukha Kusimba, wakaendeleza kazi hiyo kwa kuitazama miji pamoja na vijiji vya bara vilivyoilisha nafaka, pembe za ndovu na chuma.

Kusimba alifanya kazi miaka mingi katika magofu ya Mtwapa, juu ya hori, mwendo mfupi kutoka Jumba. Machi 2023 makaburi ya Mtwapa yaliingia kwenye habari za dunia. Jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya kale ya watu 80 waliozikwa Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na sehemu nyingine za pwani na bara, ulioandikwa na Esther Brielle, David Reich, Kusimba na wenzao. Matokeo yake yaligusa mabishano ya miaka mingi ya barazani. Wengi wa waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 walipata zaidi ya nusu ya asili yao kwa mababu wa Kiafrika, hasa upande wa kina mama. Sehemu kubwa ya asili iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Kiajemi walioanza kuoa hapa yapata mwaka 1000. Tarikh ya Kilwa, inayosimulia masultani waliotoka Shirazi, ilikuwa imebeba kumbukumbu yenye ukweli ndani yake. Na wale waliosisitiza kwamba Waswahili ni wana wa Afrika nao hawakukosea.

Namna kazi hiyo ilivyofanyika ni muhimu sawa na matokeo yake. Kusimba alitafuta kwanza ridhaa ya wenyeji. Sampuli zikachukuliwa, na mabaki yakarudishwa ardhini msimu ule ule. Waliolala Mtwapa wamewafundisha wajukuu zao, kisha wakaachwa wapumzike.

Gede ni hatua inayofuata, karibu na Watamu. Mji huu uliozungushiwa kuta mbili umefunikwa na msitu tangu ulipohamwa karne ya 17, na Kirkman aliufukua kuanzia mwaka 1948 hadi 1958. Ndani yake kuna kasri, misikiti, visima, vyoo na nyumba zilizotoa kauri za Uchina, shanga na taa ya chuma iliyotoka India. Kwa anayefuata habari ya makaburi, jambo kubwa liko karibu na lango la magofu: kaburi lenye tarehe. Limechongwa mwaka 802 Hijria, unaolingana na mwaka 1399. Maandishi hayo mafupi ndiyo uti wa mgongo wa kalenda ya Gede, kwa kuwa mji mzima haukuacha karatasi hata moja. Hatua chache kutoka hapo limesimama kaburi la nguzo yenye mifereji. Julai 2024 Gede uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, miaka 23 baada ya Mji wa Kale wa Lamu.

Makaburi yote hayo ni ya jana yakilinganishwa na la Panga ya Saidi. Pango hili liko kwenye vilima vya mawe ya chokaa vya Dzitsoni, kaunti ya Kilifi, takriban kilomita 15 kutoka ufuoni. Wanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka Ulaya walianza kulichimba mwaka 2010. Mwaka 2013 waliona dalili za mifupa, na mwaka 2017 wakalifikia shimo dogo la mviringo, kama mita 3 chini ya sakafu ya sasa ya pango. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ingegeuka vumbi kwa kuguswa tu. Wakaufunika udongo wote kwa plasta, wakaunyanyua ukiwa bonge moja na kuupeleka Nairobi, kisha kwenye maabara ya Burgos, Hispania, ukachambuliwe taratibu chini ya uongozi wa María Martinón-Torres.

Ndani ya bonge hilo alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yakiwa yamekunjwa hadi kifuani. Mkao wa mifupa ya mabega na mbavu ulionyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringwa kwa kitu kilichooza zamani, labda ngozi au majani. Kichwa kilikuwa kimeegemea kitu mfano wa mto, nacho kilipooza kichwa kikazama kidogo. Shimo lilichimbwa makusudi na kufukiwa kwa udongo uleule wa pango. Matokeo yalichapishwa Mei 2021, na Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa ni mmoja wa waliosimamia utafiti huo. Hayo ndiyo mazishi ya kale kuliko yote ya binadamu wa kisasa yaliyokwisha kugunduliwa Afrika. Watafiti walimpa marehemu jina la Kiswahili: Mtoto.

Mtu asiyeguswa na habari hiyo ni nadra. Miaka 78,000 iliyopita, mwendo wa saa chache kutoka Kisauni ya leo, watu walimfunga mtoto wao, wakamwekea kitu cha kulazia kichwa, wakamfukia pale pale walipokuwa wakilala na kupika. Yaliyofanywa hapo yanaeleweka kwa kila mzazi wa pwani aliyewahi kuzika.

Nje ya pwani, Kenya ina makaburi ya mawe makubwa ya aina nyingine kabisa, magharibi mwa Ziwa Turkana. Lothagam Kaskazini, yapata miaka 5,000 hadi 4,300 iliyopita, wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walijenga jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30. Katikati walichimba shimo kubwa, na kwa karne kadhaa wakazika humo watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake. Kisha wakalijaza, wakalifunika kwa mawe na kusimamisha juu yake nguzo za basalti walizozikokota kutoka hadi kilomita 1. Elisabeth Hildebrand, Elizabeth Sawchuk na wenzao, walioueleza utafiti huo mwaka 2018, walikuta karibu kila maiti imevishwa shanga na mapambo ya mawe ya rangi. Hapakuwa na kaburi la mfalme wala la mtumwa. Ziwa lilikuwa likikauka wakati huo na maisha yakibadilika, na watu wakajenga pamoja mahali pa kukutania na wafu wao. Waturkana na majirani zao huziita nguzo za aina hiyo Namoratunga, na masimulizi yanasema ni watu waliogeuka mawe walipokuwa wakicheza ngoma.

Visiwani Malta, katika Bahari ya Mediterania, umri wa mahekalu ya mawe ya Ġgantija unakaribia huo. Yalijengwa yapata mwaka 3600 kabla ya Kristo. Makaburi ya chini kwa chini ya Ħal Saflieni, yaliyochongwa kwenye mwamba na kugunduliwa mwaka 1902, yalihifadhi mabaki yanayokadiriwa kuwa ya watu 7,000. Wamalta wameona kwamba pumzi na mwanga wa wageni vinakula rangi nyekundu iliyopakwa ukutani na mafundi wa kale. Kwa hiyo wanaruhusu watu 10 tu kuingia kwa wakati mmoja, na tiketi hukatwa mapema sana. Utalii haujafa kwa sababu hiyo, bali umepata heshima zaidi. Kilifi na Turkana zinaweza kujifunza hapo kabla barabara za lami hazijafika milangoni mwa mapango.

Pwani nayo ina adabu zake za kuzuru, za zamani kuliko tiketi yoyote. Kaole, watu huenda kwenye kaburi la Sharifa wakiwa na dua zao. Mbaraki, chini ya nguzo, wageni hukuta chupa za marashi na majivu ya ubani. Masheikh hawakubaliani kuhusu desturi hizo, na mjadala huo ni wa dini, uachiwe wenyewe. Kinachoonekana wazi kwa wote ni kwamba mahali hapa hapajawahi kusahauliwa na majirani zake, na mara nyingi heshima yao ndiyo iliyoyalinda mawe kabla serikali haijaleta askari mlangoni.

Heshima hiyo ikikosekana, hasara huja haraka. Wagiriama husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa kumbukumbu ya wazee wa chama cha Gohu. Kwa miongo mingi vigango viling'olewa usiku na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya, na tangu hapo vingine vimefuata, lakini vingi bado viko ughaibuni, mbali na waliovisimamisha. Makaburi ya mawe hayabebeki kwa urahisi kiasi hicho. Adui zake ni wengine: mawimbi yanayokula ufuo, mizizi inayopasua kuta, na zaidi ya yote ploti zinazouzwa kwa kasi kuanzia Kisauni hadi Malindi. Gofu likiwa na uzio na bango huwa na nafasi ya kupona. Kaburi la upweke lililo ndani ya shamba la mtu laweza kubomolewa na tingatinga asubuhi moja, na jioni mawe yake yakawa kifusi cha msingi wa nyumba.

Sheria ipo. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inayalinda magofu yaliyotangazwa na inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Lakini maafisa wa Makavazi ni wachache na pwani ni ndefu. Macho yanayohitajika ni ya wenye mashamba, mafundi wa ujenzi, walimu na wazee wa mitaa.

Basi mwenye kusoma haya akiwa Mombasa asingoje wageni wamsimulie. Jumba la Mtwana liko mwendo wa saa moja kutoka Kengeleni siku isiyo na foleni, na kiingilio cha raia ni nafuu. Walimu wa Kisauni, Likoni na Changamwe wawapeleke wanafunzi wao, wawaonyeshe birika na kaburi lenye aya, wawaambie nani aliyejenga. Mgeni asipande juu ya ukuta, asiandike jina lake kwenye chokaa, asiondoke na kigae hata kimoja cha kauri, kwani kigae kikitoka mahali pake hakimwambii tena mtafiti chochote. Na anayechimba msingi wa nyumba akakutana na ukuta wa kale au mifupa, asimamishe kazi na kupeleka habari kwenye ofisi ya Makavazi, Fort Jesus, siku hiyo hiyo.